Mita 1.3 Kutoka Matopeni

Watu hudhani shahada ya uzamivu ya jiografia husomewa porini. Sehemu kubwa husomewa kwenye mabenchi ya kusubiria. Barua ya chuo huenda mkoani, ya mkoa wilayani, ya wilaya kwa mtendaji wa kata, ya kata kwa mtendaji wa kijiji, na kila mwenye muhuri hugonga wake juu ya mihuri ya wenzake. Kibali changu kilipomfikia mwenyekiti wa kitongoji, jina langu lilikuwa halisomeki tena. Wala hakujisumbua kulisoma. Alinitazama miguuni, akauliza, "Ndivyo viatu vya kuingilia mikokoni hivyo?"

Delta ya Rufiji ina takriban hekta 50,000 za mikoko, na kwenye picha ya satelaiti hupendeza sana, siku wingu lisipoikalia. Kila satelaiti ya Landsat hupita juu yake kila baada ya siku 16, na naapa mawingu yanayo ratiba hiyo.

Pendekezo langu la utafiti, lililopitishwa na jopo la wasomi ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi, lilisema unene wa kila mti utapimwa kwenye kimo cha mita 1.3. Kati ya aina za mikoko, mchu hauna neno, husimama wima na shina lake. Lakini mkoko wenyewe, kwenye mita 1.3, shina hauna! Una mizizi, imetanuka kama miguu ya kaa anayejiandaa kukimbia. Basi sharti uupande mpaka juu ya mzizi wa mwisho, utepe umeuuma kwa meno, huku kiatu kimoja kikibaki chini matopeni kwa makazi ya kudumu.

"Mwalimu, maji yanajaa," mwenye mtumbwi akaniita.

"Bado miti michache."

"Hii bamvua, mwalimu. Haisubiri shahada."

Kijijini mambo yalikuwa mazito zaidi, maana mikoko yote ni hifadhi ya serikali, na wenyeji wengi wanalima mpunga humo humo. Mgeni mwenye kifaa cha GPS hapokewi kwa chai. Na ramani za zamani zilizochorwa kwa mfumo wa Arc 1960 hupishana na vipimo vya satelaiti kwa takriban mita 300, usipozioanisha. Babu mmoja alichungulia kompyuta yangu kabla sijazioanisha.

"Mjukuu wangu, kwa hesabu za mashine yako, mimi nalala mtoni?"

Nikaona nikimbilie dodoso. "Babu, kwa kiwango cha 1 hadi 5, unakubaliana kiasi gani kwamba mikoko imepungua?"

"Inategemea anayeuliza. Umetumwa na nani?"

"Nasoma tu, babu."

"Umri huo?" Akataka kujua kama nimeoa, mshahara nalipwa na nani, na baba yangu anasemaje. Majirani walishasogea. Nilijibu yote, kwa ukamilifu ambao hakuna mhojiwa wangu aliyewahi kunipa. Kisha akaichukua kalamu yangu.

"Haya, kwa kiwango cha 1 hadi 5, unakubaliana kiasi gani kwamba masomo haya yataisha?"

Nikawa bado nafikiri, mwenye mtumbwi akanijibia: "Mwandikie 2, babu. Mimi nimemwona akipima."