Sifa za Ngazi

Serikali ina watumishi hodari wengi, lakini sijaona anayeifikia ngazi ya saruji iliyo mbele ya ofisi ya umma. Haiendi likizo, haichelewi kazini, haipokei kitu kidogo. Karani wa mapokezi hajafungua hata dirisha, yenyewe imeshawachuja wananchi: wenye miguu mizima wapite, mwenye magongo apime imani yake, mwenye kiti mwendo asubiri juani.

Tena hutufundisha ushirikiano. Mtu mzima, mwenye familia na shahada yake, hubebwa juujuu na vijana wanne asiowajua. Mmoja kashika gurudumu, mwingine kamshika kiunoni, mlinzi anasimamia kwa maneno. Wote hushuka wamejichumia thawabu. Mbebwaji hakuulizwa kama anapenda kushikwashikwa, lakini thawabu haiombi ruhusa.

Wapo wanaoionea wivu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010, na vyote viwili vinataka majengo ya umma yafikike. Ngazi ilizisikia habari hizo, ikatulia. Imeona nyaraka nyingi zikipita juu ya vidato vyake, zimebanwa kwapani na watu wanaotembea.

Hasimu wake wa kweli ni mteremko, na hata huyo kapatiwa dawa. Kipimo kinachotumiwa na wasanifu wengi duniani ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Vidato 4 vya sentimita 15 ni kimo cha sentimita 60. Mteremko wake basi unataka mita 7.2. Fundi wetu, akibanwa na nafasi na bajeti, humwaga zege la mita 2 na kulibandika vigae vinavyong'aa. Mgeni rasmi hukata utepe, makofi yanapigwa. Anayejaribu kupanda na kiti chake hurudi kinyumenyume. Anayeshuka hufika barabarani kabla hajaamua kwenda. Baada ya wiki chache, pale panaegeshwa pikipiki.

Ngazi ina wasaidizi pia, nisiwanyime haki yao: lifti yenye karatasi iliyopauka ya "mbovu", choo chenye alama ya kiti mwendo mlangoni, ndani mafagio na ndoo, mtaro ulioibiwa mfuniko ukauzwa chuma chakavu, ukimngoja mwenye fimbo nyeupe. Wote hao ni wanagenzi tu. Lifti huweza kutengenezwa siku waziri akitembelea. Ngazi haitishwi na ziara.

Kama msomaji una neno la kuipinga, andika barua, uipeleke mwenyewe. Dawati la malalamiko liko ghorofa ya pili, mkono wa kushoto.