Jiwe la Mjomba

Mjomba ni dereva wa lori la mizigo, Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kwenda tu. Akitoka safari hufikia kwetu Mbagala, kwa dada yake, yaani mama yangu. Usiku ule aliingia kashika kiuno, hakula wala hakusalimia watoto. Ilipofika saa saba hakujua tena akae vipi. Alilala, akainuka, akazunguka sebuleni, akapiga magoti ubavuni mwa kochi, na kila mkao ulimkataa. Maumivu yalianzia nyuma chini ya mbavu, yakashuka hadi kinenani, yakapoa kidogo, kisha yakarudi pamoja na kutapika.

Nyumba nzima ikaamka. Bibi akasema ni ngiri, itafutwe mizizi. Mama akasema ni mgongo wa kukaa kwenye usukani. Jirani mmoja mwema akaleta diklofenaki, ameze viwili alale. Shangazi, dada wa marehemu baba, alivipokea vidonge kwa adabu na kuvifunga kwenye ncha ya kanga yake. Yeye anahudhuria kliniki ya moyo, na huko wamemweleza kwamba dawa za namna hiyo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na mtu aliyekauka maji ndiye zinayemuumiza zaidi. "Kwanza apimwe," alisema. Tukaita bajaji.

Hospitalini mkojo ulikuwa mchache, kahawia iliyokoza, na una damu. Altrasaundi ikaonyesha jiwe la milimita 4 limekwama kwenye mrija unaotoka figo ya kushoto kwenda kwenye kibofu. Akachomwa sindano ya maumivu. Daktari akatueleza kwamba mawe yasiyofika milimita 5 mara nyingi hutoka yenyewe, ila akianza homa na kutetemeka arudishwe saa hiyohiyo, usiku au mchana. Kisha akamuuliza anakunywa maji kiasi gani njiani.

"Chupa moja ndogo," Mjomba akajibu, "na Iringa naifikia nayo."

Figo mbili za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kwa siku, na karibu zote huzirudisha mwilini. Kinachotoka kama mkojo ni lita moja au mbili tu. Dereva anayetoka jasho kutwa nzima ndani ya kichwa cha lori bila kunywa anazilazimisha zibane hata hicho kidogo. Mkojo unakuwa mzito, kalsiamu na oksaleti zinakutana, zinaganda, na kila safari inaongeza tabaka juu ya jingine.

Aliagizwa anywe maji na achuje kila haja ndogo ili jiwe likitoka lipimwe. Kuhusu kuchuja, hakuna aliyemuuliza atachujia nini.

Asubuhi chujio la chai halikuonekana. Mama alipekua kabati, akamwaga ndoo ya vyombo, akawahoji watoto mmoja mmoja. Bibi akaletewa chai yenye majani yanayoelea, akairudisha. Mjomba alikuwa anasikia yote, lakini kwa dada yake ana haya, angesemaje? Mwisho mtoto mdogo kabisa alitoka chooni akipiga kelele kwamba chujio la Mama limetundikwa msumarini. Mama alishika kichwa. "Kaka yangu, si ungesema tu nikakununulia?" Akanunua jingine, akalifunga uzi mwekundu mpini ili yasichanganyike tena.

Tangu hapo watoto wakawa wanamsubiri mlangoni: "Mjomba, limetoka?" Lilitoka alasiri moja, dogo kuliko punje ya mchele, la kahawia, lina ncha kali pande zote. Likaenda kupimwa ndani ya kiberiti kitupu: kalsiamu na oksaleti. Mama aliposikia kalsiamu alitaka kumkatia maziwa, daktari akakataa. Kalsiamu ya chakula huishika oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo. Apunguze chumvi, basi.

Ndipo nyumba ikaingia wazimu wa maji. Mama alichemsha sufuria kwa sufuria, kila mtu akawa na chupa yake, na ikifika magharibi zinakaguliwa. Shangazi naye akanywa, kwa kuona aibu kuwa wa peke yake asiyenywa. Miguu ikavimba, usiku akawa halali bila kuegemea mito. Moyo wake haumudu maji mengi, na kliniki walikuwa wamempimia kiasi chake cha siku. Kwa hili nasema kwa ukali: anayehimiza maji aulize kwanza mwenzake anaumwa nini. Sasa Shangazi ana jagi lake, na halijazwi mara ya pili.

Bibi yeye alikataa. Mchana alikunywa vizuri, lakini kuanzia alasiri hata tone. Akaambiwa kuhusu figo, akaambiwa kuhusu jiwe, akanyamaza tu. Alikuja kumfungukia Shangazi: choo kiko uani, taa imeungua tangu mfungo, na ile ngazi ya mlangoni ilishamtelezesha. Taa ikawekwa siku hiyohiyo, ngazi ikapigwa saruji. Bibi akaanza kunywa bila kuhimizwa na mtu.

Na Mjomba ni vilevile. Hakuwa mvivu wa kunywa. Alikuwa anakimbia kusimama. Daktari anataka atoe mkojo lita 2.5 kwa siku, na mkojo huo unahitaji mahali. Ameondoka na dumu la lita 5 na ndimu za Mama, kwa kuwa sitreti iliyomo huzuia kalsiamu isigande. Vituo amevipanga: Chalinze, halafu Morogoro, na lazima ajisaidie kabla ya Mikumi, maana zile kilomita 50 za ndani ya hifadhi hushuki garini. Tatizo ni foleni za mizani, na choo kimoja huko mbele ambacho kila akipita kimefungwa. Amemwambia mwenye lori kwamba kusimama kuhesabiwe ndani ya muda wa safari. Mwenye lori amekubali saa moja. Mjomba anadai mbili, na juzi amempigia tena simu akiwa Makambako.