Chapati ya Maji Yapata Pasipoti

Mpwa wangu wa Mafinga kaja Mbeya likizo na ujuzi mpya: okonomiyaki. Chakula cha Osaka na Hiroshima, ananieleza, huku akikatakata kabichi ya soko la Soweto. Unga wa ngano, mayai, maji, kitunguu. Koroga, mimina kikaangoni, geuza.

"Mwanangu, hii si chapati ya maji?"

"Hapana, mjomba. Hii ina kabichi."

Kumbe! Kabichi, ambayo msimu ukikolea Uyole hata ng'ombe hupata ya kwao, ndiyo iliyokuwa ikitutenga na Japani. Jina lenyewe, kasema, maana yake ni kaanga unachopenda. Basi nikapenda dagaa wa Ziwa Nyasa. Akakataa: sharti awe samaki mkavu aliyepigwa randa kama mbao za kwao Mafinga, anayecheza juu ya mvuke, na sosi ya chupa iagizwe Dar es Salaam. Unachopenda, ila kwa kibali.

Tulikula bila sosi. Tamu, sikatai. Usiku dada akapiga simu kuuliza tumepika nini. Nikamwambia chapati za maji, kabichi imedumbukia kwa bahati mbaya.