Sifa za Mheshimiwa Kilele Mzuka

Wafalme wamekwisha kuimbiwa vya kutosha. Mimi namsifu Kilele Mzuka, yule anayechomoza kwenye grafu ya kromatografia ya gesi, mbinu ya kutenganisha kemikali, mahali ambapo hakuna aliyemtarajia.

Tuseme mawese ya Kilembwe yameteremka milima ya Fizi, Kongo, katika bidoni la plastiki, yakafika maabara ya mbali. Mkemia anatafuta masalia ya dawa ya wadudu. Anayejitokeza ni Mheshimiwa, mrefu kuliko wote. Mwenye haraka atasema mama muuza mawese ameyachakachua. Kumbe mafuta hupenda kunyonya vilainishi vya plastiki, na bidoni halijaulizwa neno.

Hapo ndipo wema wa Mheshimiwa unapoonekana. Anamlazimisha msomi kudunga kiyeyushi kitupu. Akitokea tena, mawese yamepona. Basi mashine inaendeshwa bila kudungwa chochote. Na hapo pia akija, sindano na kiyeyushi havina kesi. Kishikwe kipira cha mlango wa sindano, ambacho kikipata moto hutoa silikoni, au uchafu wa gesi uliotulia mwanzoni mwa bomba la kolamu ukisubiri joto lipande. Akija mpana kuliko majirani zake, umbo la mzembe, huenda ni wa sampuli iliyotangulia, alichelewa kutoka. Ni nani mwingine awezaye kumfanya profesa asugue sindano yake mwenyewe, tena bila kulipwa?

Wanaomwita msumbufu wasimsahau Søren Jensen, mkemia wa Sweden. Alikuwa akitafuta DDT katika wanyama, na vilele asivyovijua vikawa vinamwingilia kila mara. Wengine wangevifuta, wakalala. Yeye alivifuatilia hadi 1966 akavitambua: PCB, kemikali zilizouzwa tangu 1929, zikatiwa katika transfoma na rangi. Alizikuta kwa samaki, kwa tai, na katika nywele zake mwenyewe, za mke wake na za binti yao mchanga. (Huko Kenya wezi wameiba mafuta ya transfoma wakayauza kwa wakaanga chakula, sijui kama wateja walisifu ladha.)

Mwaka 2001 mataifa yalikutana Stockholm kutia saini mkataba wa kuondoa duniani kemikali sumu zinazodumu, PCB zikiwemo. Baada ya miaka yote ya kuja bila kualikwa, Mheshimiwa alitajwa rasmi kwa jina lake, katika orodha ya wanaofukuzwa.