Riali Moja, Freddie Nusu

Katika nyumba za Wazanzibari wa Maskati, Freddie Mercury hahesabiwi kuwa Mwingereza. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, na wazee wake wakaondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, kama walivyoondoka wazee wetu. Wao wakashukia Uingereza, sisi tukaishia Seeb. Kwa Ami yangu, tofauti hiyo ni ya nauli tu.

Ami hana habari na rock. Aujuao ni wimbo mmoja, "Bohemian Rhapsody", na humo husubiri pahali pamoja: kwenye kipande cha opera, inapopita basmala. "Hiyo kaisikia wapi kama si Unguja?" huuliza. Ukimwambia jamaa walikuwa Waparsi, wafuasi wa Zoroasta, atakuuliza, na majirani zao je?

Basi siku moja akarudi kutoka Ruwi na flashi ya riali moja, imeandikwa: QUEEN NYIMBO BORA 100, 320. Wenyewe Queen, bendi ya Freddie, walipotoa Greatest Hits Uingereza mwaka 1981, waliona nyimbo 17 zinatosha. Mkusanyaji wa Ruwi alikuwa mkarimu zaidi. Alitia "Hotel California", ambao ni wa Eagles, na "Under Pressure" akauweka mara tatu, labda kulifidia lile toleo la Uingereza ambalo halikuwa nao.

Binti wa Ami, anayesomea uhandisi, akaifungua flashi kwenye kompyuta, akaguna. Sauti zote zilizozidi hezi 16,000 hivi zilikuwa zimefyekwa: dalili ya faili iliyobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, kisha ikavishwa 320. CD hubeba 1,411.

"Baba, ukimimina kikombe cha maziwa kwenye ndoo, hupati ndoo ya maziwa."

"Hizo hezi zenu masikio yangu yalishaagana nazo zamani," akajibu Ami. Na ni kweli: sikio likizeeka, sauti za juu ndizo hutangulia kuondoka. Flashi ile ilikatwa kwa kipimo chake hasa.

Ijumaa tukatoka naye kwenda Matrah. Piano ikaanza, Ami akainua kidole, gari zima likanyamaza. Gitaa la Brian May likalia, likaisha, na papo hapo tukatumbukia kwenye ngurumo za mwisho. Opera hakuna. Nadhani mkusanyaji aliona nyimbo mbili zimeingiliana, akatusafishia. Nje ya dirisha, Royal Opera House Muscat, iliyofunguliwa 2011, ikapita na weupe wake wote, haina la kutusaidia.

Ami akarudi dukani. Hezi hakudai, alidai basmala yake. Fedha hazirudishwi, akaambiwa, ila ipo flashi ya pili, riali moja. Humo opera imo peke yake, haina kichwa wala miguu, chini ya jina la wimbo mwingine kabisa. Ami akaondoka akishukuru.

Binti akamwekea wimbo mzima kwenye simu, safi, umelipiwa. Ami akausikiliza mpaka mwisho, akasema Freddie huyu sauti yake imekuwa ya Kizungu.

Kwa hiyo siku hizi anayekaa kiti cha mbele ana kazi. Gitaa likiisha, chomoa hii, chomeka ile. Basmala ikishapita, rudisha ya kwanza. Ukichelewa, unashushwa Al Khuwair.