Jinsi ya Kuishitaki Kabureta Mjini Butembo

Gari limerudi kutoka garaji. Kabureta imefunguliwa yote, imeoshwa, imepewa gasketi na raba mpya zilizoingia kupitia Kasindi, imefungwa tena, na bado injini inazima kila ukifika kwenye kituo cha kuulizwa karatasi. Mwenye gari ameshatoa hukumu, dereva amekubali, abiria wawili wamesimama kama mashahidi ingawa hawajawahi kufungua kapo maishani mwao. Kila mmoja anasema kosa ni la kabureta. Ombi langu ni kwamba kesi iendeshwe kwa utaratibu, kwa sababu mshitakiwa ana vitundu vyembamba sana, na akiadhibiwa kwa bisibisi kabla ya ushahidi, haponi.

Swali la kwanza aulizwe mwenye gari: kabla ya kabureta kufunguliwa, gari lilikuwa linaumwa nini? Kama lilikuwa linakatakata kwenye kilima na sasa linakatakata vilevile, basi huenda ugonjwa haukuwa ndani ya kabureta tangu mwanzo. Kama ugonjwa ni mpya, uchunguzi uanzie mahali ambapo mikono ilipita. Naona swali hili linaokoa pesa nyingi kuliko chombo chochote cha garaji, na ndilo tunalolisahau, maana kila mtu ana haraka ya kuona vyuma vimefunguliwa.

Baada ya hapo, iache kabureta kwanza, uende kwenye umeme. Platine zilizoungua, kondensa iliyochoka, waya wa bujii unaovuja, kofia ya delko yenye ufa mwembamba: vyote hivyo huifanya injini ikohoe, inuke esansi na ikose nguvu, na vyote husingizia kabureta. Kwenye injini za K za Toyota, zile za Corolla na Liteace za zamani, nafasi ya platine ni karibu milimita 0.45. Ipime kwa kipimo chake, usikisie kwa kucha. Tazama pia mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye delko. Mara nyingi fundi akirudisha kabureta huusahau, au huuchomeka kwenye tundu lisilo lake, na gari linakuwa zito wakati giklere zote ni safi.

Halafu kuna waya mmoja mdogo unaostahili heshima kubwa. Kabureta nyingi za Toyota zina kifaa cha umeme kinachofungua njia ya esansi ya ralanti. Zungusha ufunguo bila kuwasha injini, mwenzako auguse waya na kuuachia, sikio lako likiwa karibu: lazima usikie "tak". Usiposikia, ama waya haukurudishwa, ama kifaa kimekufa. Dalili yake inajulikana: ukikanyaga, gari linakwenda vizuri, ukiachia, linazima. Watu wamenunua kabureta nzima kwa sababu ya waya huo.

Sasa ita mashahidi wa kweli, yaani bujii. Endesha gari kidogo kwenye kilima, zima ukiwa bado unavuta, kisha zifungue. Rangi ya tofali lililochomwa maana yake mchanganyiko ni mzuri. Masizi meusi makavu yanasema esansi ni nyingi au hewa ni haba. Nyeupe kama chokaa inasema hewa ni nyingi, na hiyo ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu injini inayokosa esansi huchemka na inaweza kuunguza valvu. Kama bujii moja tu ni tofauti na nyingine, iachie kabureta huru kwa sasa: chunguza silinda ile, waya wake na valvu zake, na uangalie kama gasketi ya manifoldi inavuta hewa pale.

Kama zote ni nyeusi, tazama kipepeo cha starter kule juu. Injini ikishapata moto lazima kisimame wima. Kisha tazama boya. Kabureta nyingi za Aisan zina kidirisha cha kioo ubavuni, na esansi inatakiwa isimame kwenye alama. Ikipita alama, boya limepinda, limejaa esansi, au sindano yake haizibi. Litoe ulitikise karibu na sikio. Likiwa na kitu ndani, utakisikia. Uchafu wa bido nao hukaa chini ya sindano kwa ustadi wa ajabu. Esansi ya kadafi, yule muuzaji wa kando ya barabara, imehamishwa kutoka chombo kwenda chombo mara nyingi, kwa hiyo mimina kiasi kwenye chupa nyeupe, uiache itulie: maji yatashuka chini na utayaona kwa macho yako. Fanya hivyo kabla ya kumtukana fundi.

Giklere. Hapa naomba ukali. Ukimwona mekanisie, hata awe papa mwenye mvi na jina kubwa mjini, anazibua giklere kwa waya wa chuma, mzuie kwa adabu lakini mzuie. Giklere ni ya shaba laini. Kwenye kabureta nyingi, namba iliyopigwa juu yake ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita: 107 ni milimita 1.07. Waya ukipanua tundu hilo kidogo tu, namba inabaki ileile lakini haisemi kweli tena, na hakuna kuosha kutakakolirudisha. Tumia dawa ya kuoshea, hewa ya kompresa, au unywele wa brashi ya nailoni. Skrubu ya mchanganyiko nayo isikazwe kwa nguvu, maana ncha yake huumia. Ifunge polepole hadi iguse, ifungue mizunguko miwili na nusu, halafu urekebishe injini ikiwa na moto. Kwa Toyota ndogo nyingi hapo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hewa inayoingia kwa wizi hutafutwa kwa maji ya sabuni. Yanyunyize kidogo kidogo chini ya kabureta na kwenye ncha za mhimili wa kipepeo cha gesi. Ralanti ikibadilika, umempata mwizi. Kuna wanaonyunyiza esansi juu ya injini yenye moto. Hao wasiigwe hapa, wala wasisimame karibu na watoto.

Jambo ninalotaka lizungumzwe katika kila garaji letu ni kimo. Butembo iko juu ya mita 1,700. Hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa, bandari ambako magari yetu mengi hushukia. Kabureta iliyopangwa kwa mji wa pwani ikifika huku inamwaga esansi kupita hewa iliyopo: masizi, harufu, nguvu kupungua, fedha kuungua. Kwa hiyo fundi wa Butembo hupunguza, na ana haki. Lakini Beni iko chini kwa zaidi ya mita 500, na ni umbali wa kilometa zipatazo 54 tu. Gari lililobanwa sana hapa, likiteremka kwenye joto la kule, linakuta hewa nzito zaidi na esansi ileile haba. Ndipo linapoanza kukatika, na ukilifungua Beni, fundi wa kule ataongeza, nawe ukipanda kurudi gari litaanza kutoa moshi mweusi. Magari hupanda na kushuka hivyo miaka, yakifunguliwa kila upande, na kila garaji ikilaumu nyingine. Dawa ni kupanga kabureta kwa safari nzima: ibaki na esansi nyingi kidogo Butembo ili isikauke Beni.

Jaribio lifanyike barabarani, na gari likiwa na mzigo, maana kunguruma vizuri uani hakuthibitishi chochote. Nasema hivi kwa uzito. Barabara ya Butembo na Beni, kupitia Maboya na Kabasha, imeshuhudia mengi, na Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Gari linalozima saa kumi na mbili jioni porini, likiwa na mama na mtoto mgongoni, ni hatari kwa watu. Fundi anayeliachia gari bila kulijaribu anawatuma watu hao kujaribu kwa niaba yake.

Ukimaliza, andika kwenye kipande cha karatoni namba za giklere, mizunguko ya skrubu, tarehe, na mji ulikopangia, ukibandike chini ya kapo. Mrudishie mwenye gari vipande vya zamani kwenye mfuko, hata vilivyochakaa, ili fundi wa Beni avione. Na kama safari ni leo, jaribio liishe kabla ya saa sita mchana.