Namna ya Kukosa Swali la Vipeuo kwa Ufasaha

Watu wengi hukosa hesabu za vipeuo vya pili kwa kubahatisha tu, jambo lisilo na heshima. Kukosa nako kuna utaratibu wake.

Anza na √(x² + 9). Andika x + 3 bila kupepesa macho. Jibu tamu hili: kila aliyemo ndani kapewa kipeuo chake, hakuna aliyeonewa. Jihadhari na kitu kimoja tu, usije ukaweka 4 mahali pa x. Ukithubutu, ndani mtakuwa na 16 + 9, yaani 25, na kipeuo chake ni 5. Huku x + 3 yako inasema 7. Starehe imekwisha. Mgawo wa namna hiyo unaruhusiwa kwenye kuzidisha, ndiyo maana √(9x²) ni 3x iwapo x si hasi. Lakini ukianza kutofautisha kuzidisha na kujumlisha, utajikuta daftari zima lina vema.

Mstari wa juu wa alama uchore mfupi. Mjerumani Christoff Rudolff, aliyechapisha alama ya kipeuo mwaka 1525, hakuwa na mstari huo; Descartes ndiye aliyeuweka mwaka 1637 ili ijulikane kipi kimo ndani na kipi kiko nje. Wewe funika x² peke yake, 9 inyeshewe. Msahihishaji atajua mwenyewe.

√8 + √2? Ni √10, twende. Wapo wanaoona 8 ni 4 × 2, wakaigeuza √8 kuwa 2√2, wakapata 3√2. Hao wana muda wa kuchezea. Kwenye √72 chomoa 4, andika 2√18, weka kalamu chini; ile 36 iliyojificha humo iache ilale.

Penye sehemu ndipo penye raha. Ukipewa 1/(√5 − 2), utaambiwa uondoe kipeuo kwenye asili. Zidisha juu na chini kwa √5 − 2 ileile, ishara usiiguse. Asili itakuwa 9 − 4√5, mbaya kuliko ulivyoikuta, nawe umepata shughuli ya kukufikisha kengele. Jirani yako aliyegeuza ishara, akazidisha kwa √5 + 2, asili yake imekuwa 1 na jibu ni √5 + 2 basi. Yuko nje kitambo, anakula mihogo ya pilipili.